Mimba Huikuta Damu Imeshapungua

Mjamzito akiambiwa damu yake iko chini, kila aliye karibu naye humrukia na swali moja: "Kwani unakula nini?" Mume anauliza, mama mkwe anauliza, na sisi wakunga tunauliza. Swali lenyewe si baya, ila humfanya mwanamke ajione mkosaji, na mara nyingi jibu haliko kwenye sahani yake. Nimekaa kliniki ya wajawazito miaka mingi, na kama kuna jambo nimelishika kuhusu upungufu wa damu, ni kwamba wengi tunaowakuta nao hawakuupatia kwenye mimba. Walikuja nao. Mimba imeuanika tu.

Aliyenifungua macho ni mkunga mwandamizi niliyepangwa naye zamu nilipokuwa mgeni kazini. Mama akikaa mbele yake mara ya kwanza, kabla ya kumtoboa kidole alimshika mkono, akakigeuza kiganja juu, kisha akaivuta kope ya chini kwa kidole gumba. Huku anatazama, aliuliza kama anayepiga soga: "Kabla ya mimba hii, mama, hedhi yako ilikuwa ya siku ngapi? Usiku ulikuwa unaamka kubadilisha pedi? Ulikuwa unaona mabonge? Mdogo wa mwisho ana umri gani? Siku ile unamzaa, damu ilikutoka sana au kawaida?" Chakula alikifikia mwishoni, tena kwa kifupi. Nilipomuuliza kwa nini anaanzia huko, alinijibu kwa mkato: "Kwanza nijue damu imetoka kwa njia ipi. Ya kuingia tutaizungumza."

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja mimba ikiwa na miezi mitano. Mwili umemjaa, amependeza, anataniana na kila mtu kwenye benchi. Hakuwa na la kulalamikia, isipokuwa kwamba akipanda ngazi ilibidi apumzike katikati, na hilo alilihesabu kuwa ni mambo ya mimba. Nilipoivuta kope yake, mahali panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe, huwezi kupatofautisha sana na jicho lenyewe. Nikamtoboa kidole, nikafuta tone la kwanza, nikachukua la pili, nikaliweka kwenye kimashine. Kikasoma 7.8, yaani gramu 7.8 za himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, katika kila desilita.

"Nesi, hicho kimashine chako kibovu," akasema, bado anacheka. Tukarudia kwa kidole kingine. 7.7. Hapo utani ukaisha, akaniuliza kama mtoto yuko salama.

Chakula chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini tangu usichana hedhi yake ilikuwa inakwenda siku nane, na siku mbili za mwanzo hakuwa anatoka nyumbani. Alidhani ndivyo alivyoumbwa, kwa sababu mama yake na dada zake nao walikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hedhi ya namna hiyo ni ugonjwa unaotibika. Juu ya hapo alikuwa na watoto watatu waliofuatana, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya alipogundua ana mimba ya nne. Weka hayo pamoja uone kama kuna sahani ya chakula ingeweza kuyafidia.

Nifanye hesabu kidogo hapa, maana bila namba jambo hili linabaki maneno matupu. Mililita moja ya damu ya mtu mwenye afya hubeba karibu nusu miligramu ya chuma, madini ambayo mwili hutumia kutengenezea damu. Hedhi ya kawaida hutoa kama mililita 30 hadi 40 kwa mwezi. Ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nzito, na hiyo ni kama miligramu 40 za chuma zimeondoka kila mwezi. Mwanamke akijifungua na kupoteza nusu lita, ambacho ndicho kipimo cha kusema ametokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ameachana na kama miligramu 250 kwa siku moja. Upande wa kuingia, chakula cha kawaida humpa mtu miligramu 1 au 2 kwa siku zinazofika kwenye damu, na sehemu kubwa ya hizo hufidia zile ambazo mwili hupoteza kila siku hata bila hedhi. Kinachobaki cha kuweka akiba ni kidogo sana. Ndiyo maana mtu anaweza kula vizuri mwaka mzima na bado asirudishe alichopoteza katika uzazi mmoja mbaya.

Kisha ije mimba. Mimba nzima huhitaji karibu miligramu 1,000 za chuma: kama 300 za mtoto na kondo, kama 500 za kutengenezea chembechembe nyekundu za ziada za mama, nyingine ni zile zinazopotea siku kwa siku. Na mahitaji hayo hayaji kwa usawa. Miezi ya mwanzo mama hahitaji hata miligramu moja kwa siku; miezi ya mwisho zinafika 6 au 7. Anayeingia kwenye mimba na akiba ya miligramu 500 anaweza kuvuka. Wanaoingia na akiba hiyo ni wachache.

Kuna jambo jingine linalowachanganya akina mama, na sina budi kulieleza kwa sababu wanalisikia nusu nusu. Katika mimba maji ya damu, yaani plazima, huongezeka karibu nusu ya yalivyokuwa, lakini chembechembe nyekundu huongezeka kwa robo hivi. Kwa hiyo hata mama mzima kabisa damu yake huonekana nyepesi katikati ya mimba, kama mchuzi ulioongezwa maji. Hilo si ugonjwa. Ndiyo sababu kipimo cha mjamzito kiko chini kuliko cha mwanamke asiye na mimba: Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na mwongozo wake wa 2024 umeweka 10.5 kwa miezi ile ya katikati. Chini ya 7 ni upungufu mkali, wakati wowote wa mimba. Basi mama akiwa na 10.6 mwezi wa tano, hana haja ya kulia. Akiwa na 7.8, maji ya damu hayawezi kusingiziwa.

Na kwa nini yule mama hakuwa amelala kitandani na namba kama hiyo? Kwa sababu damu ikipungua polepole, mwili huzoea. Moyo unakimbia zaidi, mtu anapunguza mwendo bila kujua, anaacha kubeba vitu vizito, anakaa kidogo kila baada ya kazi. Mwenye 8 ya miaka mingi anaweza kutembea hadi kliniki akitabasamu. Shida ni siku ya kujifungua. Damu ambayo mwenzake angeipoteza na kesho yake akainuka, yeye inaweza kumuua. Hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kwenye kipimo hiki kuliko vipimo vingine vingi, na najua baadhi ya akina mama wananiona nina kero.

Baada ya hedhi na uzazi, natafuta kama kuna sehemu nyingine inayovuja. Minyoo ya safura hujing'ang'aniza kwenye utumbo na kunywa damu. Aina moja ya mnyoo huo humaliza hadi mililita 0.2 kwa siku, na mtu hana mnyoo mmoja. Anayetembea peku kwenye udongo wenye uchafu wa binadamu ndiye anayeupata, kwa kuwa viluwiluwi vyake hupenya kwenye ngozi ya mguu. Panapokuwa na minyoo hiyo kwa wingi, dawa hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Wengine wana vidonda vya tumbo, au wamezoea kumeza dawa za maumivu zinazochubua tumbo, na choo kimekuwa cheusi muda mrefu bila wao kukitilia maanani.

Malaria ni habari nyingine. Yenyewe haitoi damu nje, inaivunja humo humo ndani. Tena vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, hata kipimo cha kidole kinaweza kusema hakuna kitu huku kondo limejaa. Mwenye mimba ya kwanza ndiye hupata taabu zaidi, kwa kuwa mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo. Barani Afrika, penye malaria nyingi, mjamzito hupewa dozi za SP, dawa ya kumkinga na malaria, kuanzia wiki ya 13, zikipishana mwezi mmoja au zaidi, zisipungue tatu. Hapo kuna mtego ambao watu hawaujui: foliki asidi, vitamini ya kutengenezea damu, ikiwa ya miligramu 5 kwa siku huiharibia SP kazi yake. Inayotakiwa kwa mjamzito wa kawaida ni miligramu 0.4 tu. Nimeona mama amejinunulia ile kubwa dukani akiamini kikubwa ndicho bora.

Wasichana wadogo nawaangalia kwa jicho la pekee. Msichana wa miaka 16 bado anakua mwenyewe. Mifupa, misuli na damu yake vinadai chuma kile kile anachodai mtoto tumboni. Mara nyingi ndiye anayechelewa zaidi kuja, kwa aibu au kwa kufichwa, na akifika mimba ni ya miezi saba, muda wa kurekebisha umebaki mfupi. Mwenye pacha naye mahitaji yake ni makubwa, na anayetapika kupita kiasi hata kidonge hakikai. Hao hawahitaji maelezo marefu.

Wanaonihitaji niwe mwangalifu ni wale ambao chuma si dawa yao. Mwenye sikoseli, kwa mfano, chembechembe zake nyekundu hufa mapema mno: badala ya kuishi siku 120 hivi, huishi 10 hadi 20. Upungufu wake unatoka hapo. Foliki asidi anaihitaji sana, lakini chuma apewe tu ikiwa kipimo kimeonyesha kweli kimepungua, maana aliyeongezewa damu mara nyingi huwa tayari ana chuma cha kumzidi. Wenye talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, nao wanaweza kuonekana wana damu iliyopungukiwa chuma kumbe sivyo. Kuna wanaotumia zidovudini kwa ajili ya VVU, dawa ambayo yenyewe inaweza kushusha damu, na kuna wenye figo zisizofanya kazi vizuri. Mama akimeza vidonge sawasawa kwa mwezi mzima na namba isisogee, simwongezei maneno ya kula vizuri. Namwandikia rufaa.

Niliwahi kusoma habari za Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1928 kuchunguza kwa nini wafanyakazi wajawazito wa viwanda vya nguo kule Bombay walikuwa wakiishiwa damu. Alifuatilia wanakula nini, akajaribu hiki na kile, hadi akaona kwamba Marmite, ile hamira iliyokolezwa ya kupaka kwenye mkate, inawainua. Hakujua ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi. Kilikuja kujulikana baadaye kuwa ni foleti, ambayo kwenye vidonge ndiyo foliki asidi. Naipenda habari hiyo kwa sababu inanikumbusha kuwa mara nyingine jibu liko kwenye sahani kweli, ila si lazima liwe chuma. Asiyekula kabisa kitu chochote kitokanacho na mnyama namuulizia vitamini B12, kwa sababu mimea haina.

Na kwenye chakula chenyewe, wakati wa kula huwa na uzito ambao akina mama hawautarajii. Chuma cha nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Cha maharage na mboga za majani huingia kwa shida, isipokuwa kikisindikizwa na kitu chenye vitamini C kama chungwa au nyanya mbichi. Chai na kahawa huzuia. Anayekunywa chai pamoja na kila mlo, na kidonge akakishushia na chai hiyo hiyo, anajinyang'anya mwenyewe. Simkatazi chai. Namwomba aisogeze saa moja au mbili mbali na chakula na dawa. Vidonge vya kalsiamu navyo avipe muda wake.

Kuhusu kula udongo, hapo lazima niiteremshe sauti, kwa kuwa wengi hawasemi mbele za watu. "Mama, kuna kitu unatamani ambacho si chakula?" Baadhi huinamisha kichwa. Wengine hutafuna barafu siku nzima, na mmoja alikuwa akila wanga mbichi kwa kijiko. Wakigombezwa wanaficha, basi. Mimi naichukua hamu hiyo kama taarifa: mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeisha. Udongo wenyewe unaweza kushika chuma tumboni kisiingie mwilini, na huja na mayai ya minyoo, kwa hiyo tatizo linajizidisha. Hamu ya barafu hasa huondoka haraka ajabu chuma kikianza kurudi, hata kabla namba ya damu haijapanda sana.

Vidonge najua ubaya wake kwa mwili wangu. Mimba yangu ya kwanza kondo lilikwama, nikapoteza damu nyingi. Nilipopata ya pili, miaka ilikuwa imepita na nilikuwa nakula vizuri, lakini kipimo cha mwanzo kilisoma 9.6. Sikushangaa, hesabu ile ya juu nilikuwa naijua. Kilichonishangaza ni kidonge. Ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu saa moja baadaye, tumbo kufunga hadi nikaogopa kwenda chooni, na choo chenyewe cheusi tii. Nilihamishia kidonge usiku kabla ya kulala, na chakula kidogo tumboni, nikakubali kwamba sehemu fulani ya dawa itapotea kwa sababu ya chakula hicho. Afadhali kidonge kinachoingia kwa kasoro kuliko kinachobaki kwenye pakiti.

Tangu hapo siulizi tena "Unameza dawa?" kwa sababu jibu huwa ndiyo. Nauliza choo kina rangi gani. Anayesema cha kawaida, na mkoba uko pale miguuni pake, namwomba tutazame pakiti pamoja bila kumkaripia. Mara nyingi iko nzima. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza: nani alimwambia dawa itamkuza mtoto ashindwe kumzaa, kichefuchefu kilimpata saa ngapi, kama tubadilishe muda au aina ya kidonge. Nawaambia pia wasome maandishi ya pakiti: kidonge kilichoandikwa miligramu 300 za salfeti ya chuma hubeba kama 60 tu za chuma chenyewe, na hizo 60 ndizo kiwango cha juu cha kujikinga, ambacho huanzia 30. Aliyekwisha kupungukiwa huongezewa, kwa maelekezo ya anayemtibu. Asiyevumilia vidonge kabisa, au ambaye muda umemwishia, kuna chuma cha kuingiza kwa mshipa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kuongezewa damu tunaweka kwa walio chini sana au walio taabani.

Yule mama wa 7.8 alimeza vidonge kwa uaminifu ulionizidi mimi, akafika kujifungua akiwa na 10.1. Tulisubiri dakika kadhaa kabla ya kubana kitovu, kama inavyoshauriwa siku hizi kuanzia dakika 1 hadi 3, ili mtoto achukue damu iliyokuwa imebaki kwenye kondo. Hiyo ndiyo akiba yake ya miezi ya kwanza, kwa kuwa maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Sehemu ambayo naona tunaipita mbio ni baada ya hapo. Mama akishabeba mtoto wake, vidonge vinasahaulika, ingawa ushauri ni aendelee wiki 6 hadi 12, na ujauzito mwingine usubiri angalau miezi 24. Tunapofika kwenye uzazi wa mpango, swali la hedhi linarudi tena. Kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Chenye homoni huipunguza sana, hata kwa baadhi kuikausha. Kwa mwanamke aliyekuwa haendi kokote siku mbili za mwezi, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua anaingia na akiba gani mimba ijayo. Kwa hiyo kabla ya kumweleza njia yoyote namuuliza upya hedhi yake ilikuwaje, nami naliandika jibu kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, maana atakayempokea safari nyingine huenda asiwe mimi.